Brashi Iliyovaa Mpira

Kijiwe cha kahawa, baada ya alasiri. Dogo Mabasi, yule anayeunda vibasi vya maboksi na plastiki hadi unatamani kumuuliza konda nauli, kaja na brashi iliyokakamaa.

DOGO MABASI: Shikamooni wazee. Brashi yangu imekufa. Jana nilipaka yale maji ya kuzibia vioo, ili nikipuliza rangi ya basi madirisha yasichafuke. Nikapitiwa na usingizi. Asubuhi naikuta hivi.

MZEE KAHAWA: Marahaba. Kaa kwanza, msiba haukimbii.

MJUAJI: Hiyo ndogo. Ndimu! Kitu kikigandamana, dawa yake ukali. Enzi zangu bandarini...

BODABODA: Wewe kila kitu bandarini! Dogo, petroli hiyo, dakika mbili kwisha. Ngoja nifungue tangi.

MZEE KAHAWA: Hebu toka hapa! Hulioni jiko?

MJUAJI: Basi aichemshe.

FUNDI RANGI: Mnatibu mgonjwa hamjamuuliza anaumwa nini. Nipe chupa ninuse. (Ananusa, kichwa kinaruka nyuma.) Lo! Pua yote imewaka.

MWALIMU MSTAAFU: Amonia hiyo. Basi humo ndani mna utomvu wa mpira, kama ule unaogemwa shamba la Kihuhwi, kule Muheza. Utomvu ukishatoka mtini hauchelewi kuganda, ndiyo maana hutiwa amonia ubaki majimaji. Maji na amonia vikishapaa, chembe za mpira zinashikana, na hapo hakuna kurudi. Loweka kwenye maji mpaka Idi, chemsha ukitaka, utaopoa mpira uleule.

MJUAJI: Ndiyo nikasema ndimu.

MWALIMU MSTAAFU: Kiwandani wakitaka utomvu ugande wanatia asidi! Ndimu yako ni ya kugandishia, ndugu yangu, si ya kuyeyushia.

(Kicheko. Mjuaji anaagiza kashata, kana kwamba ndicho alichojia.)

FUNDI RANGI: Dawa yake tapentaini. Mimina kidogo kwenye kifuniko, nje penye hewa, mbali na jiko la mzee. Loweka manyoya tu. Usifikishe kwenye bati, gundi ya ndani ikilegea utabaki na mpini. Subiri mpira uvimbe, ulainike, kisha uvute kwa kucha kuelekea nchani. Usisokote! Unaobaki uchane kwa mswaki mkuukuu. Hautoki mara moja, rudia. Ukimaliza, osha kwa sabuni ya kipande, ichonge ncha kwa vidole, ilaze ikauke.

BODABODA: Na thina ya gereji je?

FUNDI RANGI: Thina itakula na rangi ya mpini. Ikidondokea ile plastiki, basi lako limepata ajali kabla halijaanza safari.

DOGO MABASI: Fundi, haya ni manyoya halisi ya mnyama. Shangazi kaninunulia Uingereza.

FUNDI RANGI: Manyoya halisi unayatia kwenye mpira? Dogo, wewe unavaa kanzu ya Idi kwenda kuchimba kisima! Kazi hiyo ina brashi yake: ya nailoni, tena iliyochakaa. Iloweshe, isugue kwenye sabuni, ikung'ute, ndipo uchovye. Sabuni inauzuia mpira kushika shinani. Na usipake mfululizo. Kila baada ya muda kidogo isuuze, uipake sabuni tena. Kwenye kona za dirisha, kijiti cha meno kinatosha, ukimaliza unatupa.

DOGO MABASI: Kwa hiyo hii itapona?

FUNDI RANGI: (Anaigeuza juani.) Itapona, ila mpira umeshaingia mpaka shinani. Ncha haitarudi ilivyokuwa. Itakufaa kupakia matairi.

MJUAJI: Si ndivyo nilivyosema mimi?

MZEE KAHAWA: Ulisema ndimu. Na kahawa mmekunywa, kashata mmetafuna, hakuna aliyelipa. Tuanze na wewe wa bandarini.