Fisi Ananukia Vizuri

Gari lilikuwa limepita lango la hifadhi la Ikoma asubuhi mapema, na fisi wawili walikuwa wakitafuna mzoga wa nyumbu wa juzi. Upepo ulielekea garini. Mwongoza watalii, kijana wa Robanda aliyeanza kazi msimu huohuo, aliziba pua akawaambia wageni: "The hyena smells badly."

Mama mmoja wa Kiingereza, darubini shingoni, alimkatalia kwa upole. Fisi, alisema, "smells very well". Kijana akamtazama mama, akamtazama fisi, akavuta hewa tena ahakikishe. Kwao Robanda hajatokea mtu wa kumsifu fisi kwa harufu.

Kila mmoja alikuwa na fisi wake. "Smells badly" maana yake pua ya fisi ni mbovu, na mama, aliyejua jinsi mnyama huyo anavyonasa harufu ya mzoga ulio mbali, hakuvumilia kashfa hiyo. Kusema fisi ananuka, Kiingereza kinataka kivumishi, "bad", kwa kuwa kitenzi hapo kinaeleza hali yake, si tendo lake. Ndivyo vilivyo pia vitenzi "look", "feel", "taste" na "sound".

Kosa la kijana lina asili ya heshima: alifuata Kiswahili. Mswahili hujisikia vibaya, chakula chake hunukia vizuri, na hiyo "vi-" ni ya kielezi. Tena Kiswahili kimejipanga mapema. Fisi anasikia harufu, mzoga unanuka, pilau inanukia. Kiingereza kimewarundika wote watatu kwenye kitenzi kimoja, kisha msikilizaji apambanue kwa herufi mbili za mwisho.

Herufi hizo zina visa vyake. Kaskazini, kwenye steshenari moja mjini Tarime, kijana aliyetaka kazi ya mgodini Nyamongo alichapiwa barua yenye sentensi hii: "I worked hardly for two years." Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akakutana na masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza, akashika kanuni kwamba kielezi hupatikana kwa kuongeza "-ly". Alikusudia bidii. Barua ikakiri kwamba kwa miaka miwili ni kama hakugusa kazi, kwani "hard" ni kielezi tayari, na "hardly" ni "kidogo mno, karibu na hapana". Mchapaji akaikoleza sentensi nzima kwa wino mzito, maana ndiyo iliyokuwa na sifa.

Jioni, kambini, mpishi wa kutoka Tarime alikuwa akikoroga mchuzi wa mbuzi. Yule mama akasogea, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akasema kwa Kiswahili alichojifunza kitabuni: "Chakula kinanuka sana!"

Kijana wa Robanda akageukia upande wa pili. Mpishi akainama juu ya sufuria, akanusa, akaonja, akanusa tena.