Haina Pombe, Haina Msaada

Jirani, wenzangu wakienda ukweni huchinjiwa jogoo. Mimi nikienda ukweni kwangu Ngao, napewa kazi.

Juzi nilishuka Garsen, nikasema nisiingie mikono mitupu. Nikanunua sanitaiza. Siyo ile ya kawaida. Ile ina spiriti, na mke wangu akinusa spiriti kwangu, kesi haina rufaa. Nikachukua isiyo na pombe. Mwenye duka akaniapia: haiwashi, haikaushi ngozi, haishiki moto, hata shehe anaipaka. Bei? Usiniulize. Nikabaki na nauli ya kwenda, ya kurudi nikamwachia Mungu.

Njiani bodaboda ikazama. Aliyesukuma nani? Mimi niliyelipa! Matope ya Tana unayajua: meusi, yananata, yanakwenda kulala chini ya kucha. Kufika tu, shemeji akanitupia kambare nipasue, eti mikono yangu imeshachafuka. Mkwe mzima! Kambare mwenyewe hana magamba, ana utelezi tu. Namshika, ananiponyoka. Namshika, ananiponyoka. Watoto wanacheka.

Chakula kikaiva. Wali wa nazi, moshi unafuka. Watu wamepanga foleni kwenye jerikeni lenye bomba, yale yaliyozagaa kila mlango tangu Machi 2020 corona ilipoingia Kenya. Mimi foleni ya nini? Nikatoa chupa. Nikasugua. Matope, utelezi na sanitaiza vikawa rojo la kijivu linalonukia waridi. Nikanyoosha mkono kwenye sinia. Sinia likasogea. Kumbe mama mkwe amelivuta!

“Mkwe wangu, ngoja kidogo,” akasema kwa upole. Afadhali angenitukana.

Shemeji mwingine ni nesi. Akasoma chupa: benzalkoniamu kloraidi. Mimi nikadhani ni beki wa Ulaya. Akasema inaua vijidudu, ila si vyote. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inapendekeza yenye pombe angalau asilimia 60 pale maji na sabuni vinapokosekana. Na hata hiyo ya pombe, ikikuta tope au mafuta, haifanyi kazi vizuri. “Shem, uchafu haupakwi dawa, unaondolewa. Sabuni inaubandua, maji yanaubeba. Sekunde 20, na kucha humo humo. Ukitaka kuhara, endelea na waridi lako.”

Nikatikisa kichwa kisomi. Mtoto wa chekechea akapewa kazi ya kunimiminia maji na kunihesabia. Akifika kumi na tatu anasahau, anaanza moja. Nilipoachiliwa, kambare niliyempasua kwa jasho langu amebaki kichwa, na kichwa chenyewe kinanitazama.

Basi jirani, maji yakiwepo nunua kipande cha sabuni, hela nyingine kula samaki. Na kama kuna mtu ana mikono misafi tayari na anataka kuipaka waridi, chupa yangu bado imejaa. Aje na nusu bei.