Mteja Asiyelala

Uingereza, tangu 2014, kampuni ya Sky inaweza kuwaonyesha majirani wawili kipindi kimoja na matangazo tofauti, kila nyumba na lake. Haya, walete mashine yao ya kuchagua matangazo Masumbwe, Tanzania, kwenye kibanda umiza. Mchana tamthilia ya Kituruki, jioni Simba na Yanga, usiku mieleka; kwenye mabenchi wachimba dhahabu wenye vumbi hadi kope, bodaboda, muuza karanga, na mtoto aliyetumwa maji. King'amuzi kimoja! Mashine itaandika: mteja mmoja, hapati usingizi, anapenda ngumi, analilia mapenzi. Auziwe godoro. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazungumzia ridhaa. Aitoe nani, mkusanya kiingilio? Ndugu watangazaji, karibuni mtujue, ila mlangoni mlipe kama wenzenu.