Sifa za Faili Korofi

Wengine na wasifu mwezi na mabibi harusi. Mimi nalisifu faili la IBIS lenye kasoro, linalomkeshesha kijana wa Mbagala Rangi Tatu hadi adhana ya alfajiri, luku ikilia na bando likikata.

Nasaba yake si haba. Lilizaliwa Marekani mwaka 1993, Intel ikiwa mstari wa mbele, kwa nia njema kabisa: mwenye kiwanda amweleze mteja tabia ya miguu ya chipu bila kumfunulia yaliyomo tumboni. Ndiyo maana ni maandishi matupu: majedwali ya volteji na mkondo, na kasi ya ishara kupanda na kushuka.

Tazama adabu yake. Jina lililoandikwa ndani sharti lilingane na jina la faili lenyewe, tena kwa herufi ndogo. Ulipakue mara ya pili, kompyuta ilibandike namba ya nakala, basi halikutambui. Katika matoleo ya awali, mstari ukizidi herufi 80 ulikuwa na kesi ya kujibu. Halijui mjomba wala halipokei chai.

Elimu yake ni bahari. Jedwali la upande unaovuta ishara juu huhesabiwa kuanzia volteji ya chanzo kwenda chini, kwa hiyo sifuri yake imekaa kileleni. Mkondo wake ni hasi, na safu ya kima cha chini, ambayo ni ya chipu dhaifu, hubeba namba iliyo kubwa kihesabu. Mwenye haraka hulijaza kichwa chini miguu juu, kisha hushangaa chipu kununua umeme inaopaswa kuuza.

Na ukarimu je? Ukilipeleka kwa ibischk, mkaguzi asiyetoza senti, linaungama: kosa ni hili, mstari ni ule.

Sasa lilinganishe na hasimu wake, faili safi. Huyo hupita ukaguzi akitabasamu, ilhali kasi aliyoiandika ni ya pole kuliko ya chipu yenyewe. Kwenye bodi ya saketi ya kawaida ishara husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde. Chipu ikipandisha ishara kwa nusu nanosekunde, njia ya sentimita chache tu yatosha kurudisha mwangwi. Simulesheni inayoliamini faili hilo haiuoni. Unachora bodi, unatuma Shenzhen, unalipa usafiri na ushuru, na bodi inafika Mbagala ikiropoka sifuri penye moja. Faili korofi lingegoma mapema, mzozo ukiwa bado ni wa maneno na shilingi zako zikiwa mfukoni.

Basi udumu, ewe mkorofi. Mola akuzidishie makosa, ila yawe ya wazi, kila moja na namba ya mstari wake.