Kabureta Husingiziwa: Majibu kwa Wenye Pikipiki Kuukuu

Kabureta ni chombo cha kuchanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye silinda. Hakina pampu wala umeme. Pistoni inaposhuka huvuta hewa. Hewa hiyo ikipita kwenye koo jembamba la kabureta huongeza kasi, shinikizo lake hupungua, na petroli iliyo kwenye bakuli la chini hunyonywa kupitia jeti ikatoka kama manyunyu. Tabia hiyo ya koo jembamba ilielezwa na mwanafizikia Mwitalia, Giovanni Battista Venturi (1746–1822), kabla ya pikipiki yoyote kuwapo. Kwa kila gramu 1 ya petroli huhitajika gramu 14.7 hivi za hewa ili yote iungue. Petroli ikizidi, mchanganyiko huitwa mzito. Hewa ikizidi, mwepesi.

Barua zinazoletwa kwenye safu hii zinafanana kwa jambo moja: kila mlalamikaji amekwisha kutoa hukumu, mkosaji ni kabureta na dawa yake ni mpya. Zikipangwa kwa njia inayopitiwa na petroli yenyewe, kuanzia kifuniko cha tangi hadi kwenye plagi, mashtaka mengi huanguka kabla kabureta haijaitwa.

Aliyeachwa Njiani, wa Tanga, ana Honda CG125, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, yenye fito za kusukuma valvu, iliyobuniwa kuwavumilia watu wasiopenda matengenezo. Huenda vizuri kilomita tano sita, kisha hukohoa na kuzimika. Ikipumzishwa dakika kumi, huwaka bila kinyongo. Mafundi watatu wameifungua kabureta. Wa nne anataka hela ya nyingine.

Pikipiki ya namna hii haina pampu ya mafuta. Petroli hushuka kwa uzito wake tu. Kiasi kinachotoka tangini sharti nafasi yake ichukuliwe na hewa, nayo huingia kwa tundu dogo lililo kwenye kifuniko. Tundu likizibwa na vumbi, au na mfuko wa plastiki uliofungwa juu ya kifuniko wakati wa masika, tangi huanza kuvuta kwa ndani na petroli husita kushuka. Kipimo hufanywa palepale inapozimika: kifuniko hufunguliwa. Ikisikika sauti ya kuvuta pumzi, na pikipiki ikawaka, shauri limekwisha kwa gharama ya pini moja. Wale mafundi watatu hawakudanganya, kwa kuwa bakuli walilikuta kavu kweli. Hawakuuliza tu nani amelikausha.

Mrithi, wa Tabora, ameachiwa na babu yake pikipiki iliyokaa stoo miaka mingi. Kwa mwendo wa bi harusi inakwenda. Ikiongezwa mafuta, inakufa. Kabureta imeoshwa mara nne.

Chuma kisichofunikwa na petroli hukutana na unyevu wa hewa, kwa hiyo tangi lililoachwa nusu tupu hushika kutu sehemu ya juu, pale pasipoonekana. Kutu huteremka kama unga wa kahawia na kuziba kichujio cha koki. Ile laini zaidi hupenya hadi kwenye jeti. Kuosha kabureta wakati tangi ni la kutu ni kupiga deki huku paa likivuja. Kwanza mpira wa mafuta huchomolewa kwenye kabureta na kuelekezwa kwenye chupa, kisha koki hufunguliwa. Petroli inapaswa kutiririka mfululizo, bila kukatika. Ikianza vizuri halafu ikageuka matone, kizuizi kiko juu ya kabureta, yaani kwenye koki, kichujio au kifuniko kilichokwisha kutajwa.

Kutu hutolewa kwa siki inayoachwa ndani siku moja au mbili, pamoja na nati au kokoto safi za kutikisia. Kisha tangi husuuzwa, likakaushwa upesi, na mafuta kidogo ya injini yakazungushwa ndani, maana chuma kitupu hakichukui muda kushika kutu tena. Wapo wanaopeleka tangi lililotoboka kuchomelewa kwa hoja kwamba halina kitu. Tangi tupu ndilo la kuogopwa zaidi: mvuke wa petroli uliobaki ukichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche moja. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na jiko la mkaa lililo chumba cha pili haliko mbali vya kutosha.

Mrithi huyo anaongeza, kwa fahari, kuwa ameweka filta ya karatasi ya gari. Nyingi za filta hizo zimetengenezwa kwa mafuta yanayosukumwa na pampu. Petroli inayoshuka kwa uzito wake tu inaweza kushindwa kupita kwa kasi inayohitajika. Kichujio cha waya kwenye koki, kikiwa kizima na tangi likiwa safi, kinatosha.

Anayelala na Harufu, wa Mombasa, huingiza pikipiki sebuleni kila usiku kwa kuogopa wezi. Asubuhi hukuta dimbwi la petroli sakafuni, na mke amehamia kwa mama yake. Suala la mke liko nje ya uwezo wa safu hii. Dimbwi linajibika.

Ndani ya bakuli la kabureta mna boya linalofanya kazi kama lile la tangi la choo: petroli ikipanda, boya hupanda nayo na kusukuma sindano izibe njia. Petroli ikifurika, ama uchafu umekaa penye kikalio cha sindano, ama ncha ya sindano imelika na kuweka alama ya pete, ama boya limezama. Maboya ya zamani yalikuwa ya shaba nyeupe au njano, yenye uwazi ndani. Boya la aina hiyo hutikiswa sikioni, likichapachapa, limetoboka. Huweza kuzibwa kwa risasi ya kulehemia baada ya kutolewa petroli yote, lakini risasi ikiwa nyingi boya huwa zito, huchelewa kupanda, na kimo cha petroli hubaki juu kuliko kinavyotakiwa.

Petroli isiyomwagika sakafuni huenda mahali pabaya zaidi. Hupita valvu ya kuingizia, huteremka kwenye silinda na kuchanganyika na oili ya injini. Oili inayonuka petroli, au iliyopanda kimo bila kuongezwa na mtu, humwagwa yote kabla kiki haijapigwa hata mara moja, kwani oili iliyopunguzwa uzito hailindi kitu. Yote haya yangezuiwa kwa kufunga koki usiku. Koki ina nafasi tatu, ya kufungua, ya kufunga na ya akiba, na wengi hufa hawajaigusa ile ya kufunga.

Bila Kwao, wa Birmingham, amenunua BSA Bantam, pikipiki iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948 katika mji huohuo anaoishi, na analalamika kuwa mipira ya mafuta inalainika kama ubani uliotafunwa. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza huwa na ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hushambulia mipira ya zamani, huvuta maji, na huweza kuyeyusha dawa iliyopakwa ndani ya tangi. Mipira hubadilishwa kwa ile inayohimili ethanoli, hununuliwa petroli ya daraja la juu yenye ethanoli kidogo, na bakuli hukaushwa kabla ya baridi kuanza. Bantam huchanganyiwa oili kwenye petroli, hivyo petroli ikikauka bakulini huacha utomvu.

Mpanda Mlima, wa Nairobi, ameleta kesi ambayo kabureta inahusika kweli, ingawa haina hatia. Pikipiki yake ilikwenda vizuri Mombasa. Nairobi imekuwa mvivu, inatoa moshi mweusi, plagi imejaa masizi. Fundi mmoja ameizibua jeti kwa uzi wa waya wa breki, na sasa ni mbaya zaidi.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi. Jeti haijui hilo. Inaendelea kutoa petroli ya Mombasa. Mchanganyiko unakuwa mzito. Dawa ni jeti ndogo kwa hatua moja au mbili. Waya wa fundi umefanya kinyume. Jeti yenye tundu la milimita 1.00 ikikwaruzwa ikafika 1.10, eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 21, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Jeti huzibuliwa kwa dawa ya kuoshea na hewa ya pampu. Iliyokwisha kukwaruzwa hutupwa.

Kabla ya kununua jeti ni vizuri kujua ipi inalaumiwa. Mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa kidogo sana, hadi thumuni ya mzunguko wake, kinachotawala ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Kuanzia robo hadi robo tatu hutawala sindano ndefu inayoning'inia kwenye pistoni ya kabureta. Ina mifereji midogo, na kibanio kikishushwa mfereji mmoja sindano hupanda na petroli huongezeka. Zaidi ya robo tatu ni jeti kubwa. Kwa hiyo pikipiki inayosita mkono ukiwa nusu haiponi kwa kubadilishiwa jeti kubwa, hata ibadilishwe mara kumi.

Asiyetulia, wa Morogoro, anaeleza kuwa injini haishiki silensa, inapanda yenyewe kama imepandwa na mashetani. Hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, kati ya kabureta na injini. Maji kidogo yakinyunyizwa kwenye maungio hayo, na mlio ukabadilika, gasketi au oringi imechoka. Nati hazikazwi zaidi kama dawa: uso wa kabureta hupinda, na ufa huongezeka.

Aliyebadilisha Vyote, wa Mwanza, ameweka kabureta mpya, koki mpya, mpira na filta. Pikipiki bado inazimika ikipata joto. Anasema plagi ikifunguliwa hukutwa imelowa petroli, na bakuli limejaa. Plagi iliyolowa ni ushahidi kuwa petroli imefika ilikotumwa na haikupata cheche ya kuiwasha. Kondensa na platini ndizo za kuhojiwa. Barua hiyo imepelekwa kwa safu ya umeme.