Kilo Mbili za Maharage

Baba mkwe alikuwa bado amelala chali hewani, magoti yamekaribia kidevu na kofia ya kanisani imemfunika macho, aliponiuliza kwa upole wa kutisha: “Mkwe, ndivyo inavyopaa?”

Sikuwa na jibu. Leo ni Alhamisi na bado sina. Jana nimepita Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini, kijana wa bodaboda akanipungia mkono na kuniuliza kama nauli ya kwenda juu ni sawa na ya kwenda kinyumenyume. Nikacheka, maana ukinuna wanaongeza.

Haikupaa. Ilikaa kitako. Mzee alitoka ibadani na koti lake, nikamwonyesha ndege niliyoijenga bandani kwa miaka minne, bati moja baada ya lingine, ripiti zaidi ya elfu nne. Kwa heshima nikamkaribisha kiti cha nyuma, kiti cha abiria. Mimi nikarudi hatua tatu nimpige picha. Basi kwenye kioo cha simu nikaona gurudumu la mbele likiachana na ardhi, taratibu, bila kelele, kama mbwa anavyoketi akisubiri mfupa. Pua ikaelekea mawinguni, mkia ukatua kwenye migomba, na mzee akabaki anatazama anga la Rungwe, ambalo siku hiyo, kama siku nyingi, lilikuwa ukungu mtupu. Mama mkwe akaita jina la Bwana. Mke wangu akacheka kwanza, kisha akakumbuka ni baba yake. Majirani ambao sijawaona tangu msiba wa mwaka juzi wakatokeza juu ya ua wote pamoja. Tulimshusha kwa ngazi ya kuchumia parachichi, huku vijana wawili wameishikilia pua isije ikarudi chini kwa kishindo. Picha ninayo. Haijatulia.

Sasa niruhusiwe kueleza, kwa sababu kosa lenyewe ni zuri, na tangu Jumapili sijapata mtu wa kukaa anisikilize.

Mwangalie mama anayetoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani. Hauweki tu. Anatandika kata, anautua mkungu, anausogeza kidogo huku, kidogo kule, mpaka shingo imekubali. Hapo ndipo anaachia mikono na kushuka mlima akipiga soga. Pale kata ilipo ndipo kitovu cha uzito cha mkungu. Ndege nayo hubebwa hivyohivyo, ila kinachoibeba ni mabawa, na kata yake ni eneo la sentimeta chache tu. Kitovu kikienda mbele mno, pua inakuwa nzito na mkia unahangaika kuiinua. Kikienda nyuma mno, pua inapanda yenyewe, rubani anaisukuma chini haisikii, mwendo unapungua mpaka mabawa yanaacha kubeba. Ndiyo maana anayejenga ndege, hata awe na haraka ya namna gani, sharti apime kila gurudumu kabla hajawaza kuruka.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: wenzo na egemeo, ile pembea ya ubao. Ndege yangu ina magurudumu mawili makubwa chini ya mabawa na dogo moja mbele, sentimeta 140 kutoka kwa hayo makubwa. Unapima makubwa, unapima dogo, unazidisha uzito wa makubwa kwa 140, unagawa kwa uzito wote, na hapo unajua kitovu kiko sentimeta ngapi nyuma ya gurudumu dogo. Mchoro wangu unataka 126.

Mizani je? Rafiki yangu mmoja hununua mazao. Akaniazima mzani wake wa jukwaa, ule anaopimia parachichi. Nikapandisha gurudumu moja kubwa, lile jingine na dogo nikayaweka juu ya matofali ya kimo kilekile ili ndege isiiname: kilo 110. Nikahamisha upande wa pili: kilo 109. Kabla sijafika la mbele, mwenye mzani akaja kuuchukua, kuna gari linapakia. Nikaenda duka la vyakula, nikaazima mzani wa kupimia mchele. Gurudumu la mbele: kilo 30. Jumla 249.

Mchoro unasema ndege tupu iwe kilo 270! Nilijisikia vizuri kuliko inavyofaa mtu kujisikia peke yake bandani. Nikajiona fundi aliyemzidi mchoraji kwa kilo 21. Nikadhani ni bati.

Kuhusu bati, nalo lina kisa. Alumini ina uzito kama theluthi moja ya chuma, lakini ikiwa safi ni laini, ni ya sufuria. Ninalijua hilo kwa sababu shehena yangu ya kwanza kutoka Mbeya mjini, niliyouziwa kama “ya ndege”, ilikuwa ya sufuria, na nusu yake sasa ni sufuria za mke wangu. Ya ndege ni mchanganyiko. Mjerumani Alfred Wilm, mwaka 1906, wakati mji wetu huu ukiitwa Neu-Langenburg na ukitawaliwa na Wajerumani wenzake, alikuwa akichanganya alumini na shaba kidogo na magnesi, anaichoma, anaizamisha majini, anaipima ugumu. Inasimuliwa kwamba aliipima Jumamosi, akaona si kitu, akaenda zake. Jumatatu akaipima tena: imekuwa ngumu zaidi. Hakuna aliyeigusa. Ilikaa tu. Wataalamu walikuja kueleza kwamba chembe za shaba, zilizonaswa ghafla ndani ya alumini ilipopozwa, hujikusanya taratibu na kuzuia matabaka ya madini yasiteleze. Mimi naelewa vizuri zaidi nikisema ni kiporo. Maharage ya jana huwa matamu kuliko ya leo, na hakuna aliyeyaongezea kitu. Mchanganyiko huo, uitwao duralumini, ni maharage ya kiporo, na karibu ndege zote za bati duniani zimetokana na kiporo cha wikiendi moja ya Wilm. Kila ninapokunja bati napata hamu ya kula.

Turudi kwenye 249. Kilo 219 za nyuma mara 140, gawa kwa 249: 123. Sentimeta tatu mbele ya panapotakiwa. Pua nzito. Dawa yake ni kuweka uzito kidogo mkiani, na hesabu ikasema kilo mbili. Nikatuma mtoto dukani, lile lile duka, alete maharage kilo mbili, nikayafunga kwenye kitambaa nikayapachika mkiani kwa waya. Unajua yaliyofuata.

Usiku wa Jumapili sikulala. Saa kumi alfajiri nikachukua mfuko wa saruji, kilo 50, umefungwa kiwandani, na asubuhi nikaupeleka kwenye mzani wa rafiki yangu. 45. Nikaushusha, nikaupandisha tena. 45. Nikaenda dukani na pakiti ya unga ya kilo mbili, haijafunguliwa. Kilo mbili na gramu mia mbili.

Nilisimama pale dukani nikicheka peke yangu mpaka muuzaji akaondoa pakiti. Mzani wa anayenunua unapunguza; mzani wa anayeuza unaongeza. Magurudumu yangu ya nyuma yalikuwa na kilo 243, si 219. La mbele lilikuwa na 27, si 30. Fanya hesabu upya: jumla 270, kitovu 126. Kamili! Ndege yangu ilikuwa sawasawa na mchoro kabla sijaigusa. Na ingekuwa nimepima magurudumu yote matatu kwa mzani mmoja, hata uwe mwizi namna gani, wizi ungegawanyika sawa kila upande na kitovu kingetoka palepale, 126. Nilichofanya mimi ni kuwakutanisha wezi wawili wanaovuta kila mmoja upande wake.

Hata mzee kuanguka kunaonekana kwenye karatasi. Kiti cha nyuma kiko sentimeta 40 nyuma ya egemeo, yaani magurudumu makubwa. Mzee ana kilo 85, za hospitali, na mzani wa hospitali hauna unachonunua wala unachouza. 85 mara 40 ni 3,400. Pua, 27 mara 140, ni 3,780. Angekaa salama, tungepata picha. Lakini maharage, mita tatu na nusu nyuma ya egemeo, yalikula 630, yakabaki 3,150. Na hayo ni maharage ya kilo moja na gramu mia nane, maana yalipimwa dukani. Yangekuwa kilo mbili kweli, angepanda kwa haraka zaidi.

Mpaka hapo nilikuwa nacheka. Kisha nikakumbuka mama mdogo wangu wa Katumba, anayeshusha parachichi kichwani tangu miche ya Hass ianze kuzaa, anauza kwa mzani uleule, na jioni anapita duka lilelile kununua mchele. Kila kreti kumi anazochuma, moja si yake. Akirudi na pesa pungufu, kila kilo anayonunua ni pungufu tena. Sheria ya Vipimo ipo, chapa za ukaguzi zipo; stika kwenye mzani wa rafiki yangu imefifia hata mwaka hausomeki. Mama mdogo alianza kuumizwa na lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo, enzi za viazi, akavumilia, tukaambiwa dawa ya lumbesa ni mzani. Mimi mzani umenivunjia heshima Jumapili moja tu, tena nikiwa na saruji ya kuukamata. Yeye angeukamata na nini?

Mengine yaliyonipata ni madogo. Kuku wa jirani ametaga mkiani mayai kumi na moja, nami kwa sasa sithubutu kupima chochote. Mvua imepenya bandani. Ofisi moja niliyoiandikia kuhusu usajili imejibu ikitaka nambari ya chesisi. Mke wangu, nilipomtajia Gabriel Nderitu wa Nyeri aliyefunga injini ya Toyota kwenye ndege yake, na Chris Nsamba wa Kampala aliyejenga yake uani kwa mama yake, akasema angalau huyo wa pili alimpa taabu mama yake mwenyewe.

Baba mkwe hakusema neno siku tatu. Jumatano, siku ya kununua, tukiwa tumepanga foleni ya kreti, akatokea nyuma ya bodaboda amekumbatia mfuko wa saruji. Akaupandisha juu ya mzani kabla ya kreti zake, akasimama kando, mikono nyuma. Watu wote wakasogea.

Rafiki yangu akasoma namba, akautazama ukungu, akasema mzani umeshikwa na baridi.

“Tutangoja jua,” mzee akasema, akakalia kreti.