Besi ya Mjomba

Uso wangu bado una moto, kwa kuwa ni Ijumaa iliyopita tu, baada ya sala ya alasiri, ambapo mjomba wangu, mpigaji udi ambaye wazee wa baraza yetu humpisha penye kiti kizuri, aliisikiliza taksimu yake niliyomrekodia chumbani mwangu, akaitazama spika, akakitazama kikombe chake cha kahawa kilichokuwa kikitetemeka juu ya sinia, kisha akaniuliza kwa upole unaouma kuliko tusi: “Mwanangu, huu ni udi, au kuna mtu anafunga mlango wa duka?” Wazee wakacheka hata mmoja akapaliwa na haluwa, nami nikaiinamia simu yangu nikijifanya natafuta kitufe, ilhali kitufe cha kuondoa fedheha hakijaundwa.

Yapasa insafu itendeke, kwani mshitakiwa halali katika kesi hii ni sikio la mwanadamu. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walitangaza matokeo ya uchunguzi uliodhihirisha kwamba sikio halizipimi sauti zote kwa mizani moja: sauti inapopunguzwa, zile nzito hufifia masikioni upesi kuliko zile za kati, na inapopazwa, uzito ule hurejea na deni lake. Sasa, kwetu kazi ya kuhariri hufanyika usiku, majenereta ya mtaa yakisha kunyamaza, na mama mkwe amelala chumba cha pili. Basi nikasikiliza kwa sauti ya kunong'ona, nikaona besi ya mjomba imenyong'onyea, nikaiongeza kidogo, nikasikiliza, nikaiongeza tena, mpaka ikasimama sawasawa na wenzake. Naam, ilikuwa sawasawa kwa saa ile, kwa chumba kile na kwa usingizi wa mama mkwe. Barazani, ambako kijana mwenye spika aliizungusha sauti mpaka mwisho, yaliyobaki kiliyatolea ushahidi kikombe cha kahawa.

Tena hayo ni ya kuhariri. Kurekodi kuna mtihani wake. Udi hupigwa kwa risha, na risha inapougusa uzi, sauti huruka juu kwa kitambo kidogo mno, kisha huporomoka, na utamu wote tunaousifu hukaa huko chini katika kuporomoka kwake. Ile sindano ya kupimia sauti iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930 huchukua sekunde 0.3 kufika mahali pake, kwa hiyo risha huwa imekwisha kupiga na kuondoka ilhali sindano ingali njiani. Vipimo vya leo havipitwi na risha, walakini vina dari: juu ya desibeli sifuri hapana kitu, na wimbi linalozidi hapo hukatwa kichwa, likabaki likikwaruza. Kwa sababu hiyo mrekodi mwenye busara huacha nafasi ya desibeli 10 au 12 chini ya dari, akijua kwamba umbali wa kipaza sauti ukipunguzwa nusu, sauti hupanda kwa takriban desibeli 6, na kwamba kipaza sauti kinachosikia upande mmoja, kikikaribiwa, huizidisha besi kwa hiari yake. Mjomba hupiga akiwa amefumba macho, na mahadhi yakimshika huinama mbele, akapandisha desibeli zangu bila kunitaka shauri. Nilipomsihi atulie, alinijibu kwamba aliyetulia hapigi udi.

Ganuni tuliirekodi pamoja na feni. Mpiga fidla alikohoa penye kimya kizuri kuliko vyote. Ya dumbaki naomba yasitajwe.

Hayo yote ningeyastahimili. Lakini iko dhuluma moja ambayo siwezi kuicheka. Bwana mmoja aliyetaka muziki wa arusi ya bintiye alinirudishia kazi akilalamika kwamba sauti ni ndogo, haishindani na nyimbo nyingine simuni mwake. Kushindana! Iko kompresa, ambayo hushusha vilele ili vilivyo chini vipate kupandishwa. Ikitumiwa kwa adabu ni rehema, na ikitumiwa kwa tamaa, mnong'ono na ukelele huwa kitu kimoja. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri, nasi tunaorekodi bila kuvuka hata uchochoro tunaamriwa tuikandamize sauti hata isiwe na pumzi. Na huduma kubwa za muziki katika intaneti hupima wastani wa ukubwa wa kila wimbo, na ule uliopazwa kupita kiasi huteremshwa ulingane na wenzake, ukabaki na majeraha yasiyo faida.

Nilimweleza bwana yule haya yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanisifu kwa elimu yangu, kisha akanilipa nusu ya ujira, kwa hoja kwamba sauti nayo ni nusu. Lakini sauti, ili sikio liione imepungua nusu, sharti ishuke kwa desibeli 10 hivi, na kazi yangu ilikuwa chini ya zile nyimbo zake kwa desibeli 4. Kwa hesabu hiyo bado namdai, na sitaacha kumdai.